Askari wa Wanyamapori Akikusimamisha au Akifika Nyumbani: Fanya Hivi

Swali ni lile lile kila wiki: "Hivi askari wa wanyamapori anaruhusiwa kuingia ndani kwangu? Yule si polisi." Leo analiuliza mfugaji wa Meatu, kesho dereva wa bodaboda wa Mugumu, keshokutwa mama anayeuza kitoweo mnadani. Nimechoka kulijibu kipandekipande kwenye simu, kwa hiyo nimeliandika lote mara moja.

Jibu fupi ni kwamba ana mamlaka, tena makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009 (Sura ya 283), kifungu cha 106, inampa ofisa aliyeidhinishwa uwezo wa kukusimamisha, kukupekua, kuchukua mali na kukukamata, na sehemu kubwa ya hayo anayafanya bila hati ya mahakama. Lakini kila uwezo umewekewa sharti, na masharti hayo ndiyo ninayotaka uyajue. Hayatakusaidia ukiyapigia kelele porini. Yatakusaidia ukiyakumbuka kwa utulivu, ukayafanya yaandikwe, ukafika nayo mbele ya hakimu.

Mambo mawili kabla ya kuanza. Haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake. Na namba za vifungu ninazotaja ni za sheria zilivyozoeleka. Sheria zikichapishwa upya namba huweza kuhama, hivyo ukiitafuta, angalia kichwa cha kifungu na si namba peke yake.

Uwe na nini mapema

Haya yaandae leo, kabla hujamwona askari yeyote.

- Namba tatu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi: ndugu, mwenyekiti wa kitongoji, na msaidizi wa kisheria wa wilaya yako. Zisikae kwenye simu tu, maana simu ndiyo huondoka mikononi mwako kwanza.
- Kitambulisho chako au nakala yake.
- Stakabadhi na vibali. Kama umenunua nyama kwenye bucha la nyamapori lililosajiliwa, itunze stakabadhi hadi nyama iishe. Ukikutwa na nyara ya Serikali, yaani mnyama wa porini au sehemu yake yoyote, wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba umeipata kihalali. Hapo "nilinunua kwa mtu" haikutoshi.
- Kwa wafugaji: vibali vya kusafirisha mifugo, picha za ng'ombe wako, na orodha ya idadi, rangi na alama au hereni zao.
- Ufahamu wa mpaka. Nenda ofisi ya kijiji uone ramani, kisha uende ukavione vigingi kwa macho yako. Kesi nyingi za malisho huanzia kwa mtu aliyedhani mto ndio mpaka, kumbe kigingi kiko ng'ambo ya huku.
- Daftari dogo na kalamu.

Hatua kwa hatua

1. Simama, na mikono yako ionekane. Usikimbie, hata kama huna kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) inamkataza polisi "au mtu mwingine" yeyote anayekamata kutumia nguvu kuliko inavyohitajika, na askari wa uhifadhi yumo ndani ya maneno hayo. Kutumia nguvu ya kuua ni kwa ajili ya kuokoa maisha au kuzuia madhara makubwa. Hayo ni maneno ya sheria. Lakini gizani, kwenye kichaka, na mtu mwenye bunduki ambaye naye ana hofu, sheria iko mbali sana. Kama una panga au fimbo, iweke chini taratibu.

2. Jua unaongea na nani. Salimia kwanza. "Shikamoo afande" haikupunguzii haki hata moja. Kisha: "Naomba kulijua jina lako na kituo unachotoka." Anaweza kuwa wa TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mapori ya akiba na mapori tengefu), Mamlaka ya Ngorongoro, au TFS (misitu). Hao wote siku hizi wamo kwenye mfumo wa jeshi usu, yaani wanaendeshwa kwa nidhamu ya kijeshi ingawa si jeshi kamili, wana sare na vyeo. Anaweza pia kuwa ofisa wanyamapori wa wilaya, au askari wa wanyamapori wa kijiji, wanaoitwa kwa kifupi VGS. Jambo hili ni muhimu kwa sababu ukija kulalamika utaulizwa swali moja tu: askari wa taasisi gani? Ukijibu "walikuwa na nguo za kijani," umekwama.

3. Uliza unatuhumiwa kwa lipi. Kifungu cha 106 kinataka ofisa awe na sababu za msingi za kuamini kwamba umetenda kosa la wanyamapori au unakaribia kulitenda. Na mtu anayekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu. Uliza mara moja, sikiliza, usibishane na jibu. Liweke kichwani neno kwa neno, na ukipata nafasi liandike pamoja na saa.

4. Barabarani, msikatae upekuzi. Gari, pikipiki, mzigo, hema, shamba: vyote hivyo anaweza kuvipekua bila hati ya mahakama, mradi ile sababu ya msingi ipo. Bodaboda wengi hapa hukosea, wanadai hati kama wameona kwenye sinema. Unachotakiwa kufanya ni kusimama mahali unapoona mzigo ukifunguliwa na kuhesabu kinachotoka. Kama mzigo ni wa abiria, sema hapo hapo, mbele ya watu, na utoe namba ya simu ya mwenye mzigo. Mwanamke anapekuliwa mwilini na mwanamke, kwa staha. Kama hakuna askari wa kike, omba asubiriwe au mfike kituoni kwanza.

5. Nyumbani: hapa kuna mpaka ulio wazi kuliko yote. Sheria ile ile inayomruhusu kupekua shamba na gari bila hati inasema nyumba ya kuishi haiingiwi bila hati isipokuwa akiwepo angalau shahidi mmoja huru. Kwa hiyo wakigonga, una maswali mawili tu: "Mna hati ya upekuzi?" na kama hawana, "Shahidi huru ni nani?"

Shahidi huru ni mtu asiye upande wowote: mwenyekiti wa kitongoji, balozi, jirani. Dereva wao si huru. Mtu aliyewaleta mpaka kwako naye si huru.

Ninakaa kidogo hapa kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi huharibika, za pande zote mbili. Shahidi anatakiwa awepo kabla mlango haujavukwa. Mtindo ninaousikia mara nyingi ni huu: askari wanaingia, ndani kunasikika sufuria zikipinduliwa, baada ya nusu saa mwenyekiti anaitwa, anakuta kiroba cha nyama kavu kiko sebuleni juu ya mkeka, anaambiwa "mwenyekiti, saini hapa." Mwenyekiti huyo hajashuhudia upekuzi. Ameshuhudia kiroba. Akija mahakamani akaulizwa kiroba kilitoka wapi, atasema alikikuta sebuleni, na hapo hakimu ana kazi ya kufikiri.

Kwa hiyo fanya hivi, kwa mfuatano:

a) Toka nje na familia, acha mtu mzima mmoja wa nyumba aingie nao.

b) Sema kwa sauti, majirani wasikie: "Siwazuii. Naomba shahidi afike kwanza." Mtume mtoto akamwite mwenyekiti.

c) Shahidi akifika, omba wanaoingia wajionyeshe mikono na mifuko kwanza. Hilo ni ombi, wanaweza kukataa. Lakini kukataa kwao nako shahidi amekuona.

d) Chumba kimoja kwa wakati mmoja. Watu wanne wakitawanyika vyumba vinne, shahidi mmoja hawezi kuona chochote. Liombe hili kwa upole.

e) Angalia saa. Hati ya upekuzi ya kawaida hutumika kati ya mawio na machweo, mpaka mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Wakija usiku wa manane, liandike.

Wakikataa yote na kuingia kwa nguvu, usizibe mlango kwa mwili wako. Kumzuia ofisa ni kosa lingine, na utakuwa umewapa shitaka ambalo hawakuwa nalo walipofika.

6. Hati ya ukamataji mali: isome kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kila kinachochukuliwa kinatakiwa kuandikwa: nini, kiasi gani, kimetoka wapi, tarehe, saa, nani amechukua. Chini yake zinakuwepo saini tatu: ya anayechukua, yako, na ya shahidi. Fomu nyingi zimechapwa kwa Kiingereza. Una haki ya kusema "naomba nisomewe kwa Kiswahili," na shahidi asikie.

Angalia mambo haya. "Vipande vya nyama" haitoshi. Viandikwe vingapi, vibichi au vikavu. "Simu moja" haitoshi. Iandikwe aina na rangi yake. Nafasi tupu kati ya kipengele cha mwisho na saini zipigwe mstari, maana karatasi yenye nafasi inaweza kuongezewa. Ukiweka dole gumba, jina lako liandikwe pembeni yake.

Hukubaliani? Usikatae kusaini ukaondoka. Andika juu ya saini yako, kwa mkono wako: "Kiroba hiki hakikutoka ndani kwangu," kisha saini. Wakikataa kukuachia nafasi ya kuandika, mwambie shahidi hapo hapo.

Omba nakala yako. Ukinyimwa, piga picha. Ukinyimwa na hilo, nakili kwenye daftari mara tu wakiondoka.

Onyo: usimnyooshee simu usoni mtu mwenye silaha ili urekodi video. Imewahi kugeuza upekuzi wa dakika kumi kuwa kipigo. Mtu aliyesimama kando na kukumbuka vizuri ni shahidi mzuri kuliko simu iliyovunjwa.

7. Mifugo. Kuchunga ndani ya pori la akiba ni kosa, na mifugo inaweza kukamatwa. Lakini kuishikilia ni jambo moja, na kuitaifisha ni jambo lingine. Kuitaifisha ni kazi ya mahakama, baada ya mtu kutiwa hatiani. Hakuna askari anayeweza kukuambia porini kwamba ng'ombe wako "wameshataifishwa."

Wahesabu pamoja naye, na idadi iandikwe kwenye hati kwa makundi: madume, majike, ndama. Tofauti ya idadi kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kurudishiwa ndiyo malalamiko makubwa kwenye eneo hili, na bila hesabu ya siku ya kwanza huna pa kuanzia. Kisha wahi mahakamani na mtu wa sheria kuomba utaratibu wa malisho na maji wakati kesi inaendelea. Ng'ombe hawasubiri tarehe ya kutajwa.

Utaambiwa pia kuna njia ya kukiri na kulipa ili yaishe bila kesi. Njia hiyo ipo kisheria, lakini ina masharti: inafanywa na ofisa aliyepewa mamlaka hayo, wewe unakiri kwa maandishi, na unapewa stakabadhi. Malipo ya Serikali hupitia namba ya malipo, kwa benki au simu. Pesa inayohesabiwa juu ya boneti ya gari haina stakabadhi, na kesho kikosi kingine kitakukamata kwa ng'ombe wale wale. Na usikiri kosa ambalo hujatenda eti kwa sababu ni rahisi.

8. Ukikamatwa, uulizie polisi. Kambi ya doria si mahabusu. Mtu aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa polisi bila kucheleweshwa, na sheria inahesabu saa 24 za kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana kwa makosa yanayodhaminika. Porini mwendo ni mrefu, gari huzama kwenye tope, hilo linaeleweka. Kulala kambini siku tatu "mpaka useme bunduki iko wapi" hakueleweki. Ukifika kituoni, hakikisha jina lako na saa ya kufika vimeandikwa kitabuni, na kama una jeraha lolote lionyeshe wakati huo, mbele ya polisi wa zamu.

Ndugu wa aliyekamatwa: kazi yenu ni kuanza kutafuta mara moja. Nendeni kituo cha polisi cha karibu, ulizeni, na kama hayupo muacheni mkuu wa kituo akijua kwamba mnamtafuta mtu fulani aliyechukuliwa saa fulani na askari wa taasisi fulani.

9. Maelezo. Toa jina na makazi yako. Zaidi ya hapo hulazimiki kujibu, na unaweza kuomba ndugu au wakili awepo. Maelezo yakishaandikwa, yasomwe kwako yote kabla ya kusaini. Mahojiano yana muda wake pia: saa nne za msingi, na kuongezwa kuna utaratibu wake, muda wa safari hauhesabiwi humo. Ukiambiwa "saini tu uende nyumbani," jua kwamba hiyo karatasi ndiyo itakayosomwa dhidi yako.

10. Nyama inayooza. Hili wengi hawalijui kabisa. Nyama mbichi haiwezi kungoja kesi, kwa hiyo hupelekwa kwa hakimu aamuru iteketezwe, na orodha yake ndiyo hubaki kama kielelezo. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mtuhumiwa anatakiwa awepo mbele ya hakimu huyo na asikilizwe. Kwa hiyo ukisikia "tunaipeleka nyama mahakamani," sema: "Nami nipelekwe." Ukifika, mwambie hakimu kama nyama si yako, au kama huamini ni ya mnyama wanayemtaja, mfano nyumbu. Baadaye kwenye kesi, ofisa aliyeitambua aulizwe ameitambua kwa alama gani: ngozi, kwato, manyoya? Nyama isiyo na ngozi wala kwato ikiitwa pundamilia, swali hilo lina uzito.

Makosa yanayorudiwa

Kuita watu wavamie gari la doria. Usifanye, usishiriki, usichochee. Hapo ndipo watu hufa, raia na askari pia.

Kudhani kasoro moja inafuta kesi. Hati ya upekuzi haikuwepo, basi umeachiwa? Hapana. Mahakama ina uwezo wa kupima ushahidi uliopatikana kwa njia isiyo sahihi na kuamua iupokee au iukatae. Kasoro ni hoja ya kujengwa, na inajengwa na mashahidi wako.

Kukaa kimya mahakamani. Shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, akisema mwenyekiti alikuwepo tangu mwanzo na wewe unajua si kweli, muulize swali hapo hapo. Usipomuuliza, mahakama inaweza kuchukulia umekubali.

Kuwachukulia askari wote kwa kipimo kimoja. Nimekutana na wahifadhi wanaofuata utaratibu kuliko polisi wengi mjini, na wanaosubiri mwenyekiti hata saa nzima. Kuwa mpole nao; wakija kutoa ushahidi nao husema ukweli kuhusu upole wako. Lakini Operesheni Tokomeza ya 2013 haijasahaulika pia. Ilianza kwa kusaka majangili, ikasitishwa kwa malalamiko ya mateso na vifo, na Desemba mwaka huo, baada ya taarifa ya Kamati ya Bunge, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Maelezo ya watu waliokumbuka majina, tarehe na mahali ndiyo yaliyofika Bungeni.

Mambo yakienda kombo

*Nimepigwa.* Hospitali kwanza kama hali ni mbaya, ndugu afuate fomu ya polisi, PF3. Piga picha za majeraha siku hiyo na tena baada ya siku mbili, wakati alama zimejitokeza. Daktari aandike ukubwa na mahali pa kila jeraha.

*Wamechukua pikipiki, hakuna karatasi.* Andika barua kwa mkuu wa hifadhi au wa kanda, ukitaja tarehe, mahali na majina. Nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Igongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua isiyo na muhuri haijafika.

*Wameomba rushwa.* TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Piga kabla ya kutoa, si baada.

*Polisi wa karibu hawataki kufungua malalamiko yangu.* Nenda ngazi ya wilaya, kisha mkoa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya Serikali.

*Sina pesa ya wakili.* Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya wakuelekeze kwa aliyesajiliwa. Kama uko gerezani, mwambie ofisa wa magereza kwamba unaomba msaada wa kisheria.

*Nataka kuishtaki Serikali kwa hasara niliyopata.* Inawezekana. Inabidi kwanza utoe notisi ya siku 90, ukieleza dai lako, kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukiruka notisi, kesi itatupwa hata kama una haki. Madai ya kudhuriwa mwili au mali yana ukomo wa miaka mitatu tangu tukio, na siku za kesi yako ya jinai usizichukulie kuwa zinasimamisha saa hiyo. Notisi yenyewe si ndefu, kurasa mbili zinatosha, lakini iandikwe na mtu wa sheria, na uambatishe nakala ya hati ya ukamataji mali.